Fikasi ya Dukani na Sinia la Mwana wa Mfalme

Niliinunua kando ya barabara jijini Dar es Salaam, kwenye kimojawapo cha vile vitalu vya maua vilivyojipanga chini ya miti, ambako magari husimama ghafla na kuegesha gurudumu moja mtaroni. Ilikuwa fikasi ya kawaida tu, Ficus benjamina yenye majani madogo yanayong'aa, imepandwa kwenye kiroba cheusi, kimo chake kinanifika kiunoni. Mama muuzaji aliniuliza naipeleka wapi. Nikamwambia sebuleni, na kwamba nataka kuifanya bonsai. Akacheka. "Itapukutika hiyo, baba. Ikipukutika usinirudishie."

Ikapukutika. Siku ya kumi sakafu ilikuwa na majani mengi kuliko mti wenyewe. Nikadhani ina kiu, nikaizidishia maji. Nikaihamisha kona hii na ile kama mgeni asiyejulikana alale wapi. Mwishowe, Jumapili moja, nikasema liwalo na liwe: nikakata matawi, nikaing'oa, nikapunguza mizizi kwa kisu cha jikoni, nikaishindilia kwenye bakuli zuri la kauri lisilo na tundu hata moja. Yote mchana mmoja. Wiki tatu baadaye nilikuwa na kijiti kikavu kwenye bakuli zuri.

Vitabu nilivyokimbilia baada ya msiba ule vilianzia mbali: watawa wa Kibuda, ukungu wa milimani, misonobari ya miaka mia tano. Hakuna kilichoanzia kwenye kiroba. Lakini nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyoona kwamba historia hiyo ndefu, ukiivua joho lake la utakatifu, ni historia ya kuhamisha miti: kutoka mlimani kwenda kwenye sinia, kutoka China kwenda Japani, kutoka Yokohama kwenda Boston, kutoka msituni kwenda sebuleni. Kila ilipohamishwa kuna iliyokufa na iliyokubali. Swali la kwanza la mwanagenzi, basi, silo wapi akate. Ni lile tunalomuuliza mgeni akishanywa maji: kwenu wapi?

Picha ya kale inayotajwa mara nyingi kuliko zote imo kaburini. Li Xian, mwana wa mfalme wa nasaba ya Tang, alipelekwa uhamishoni na kulazimishwa kujiua mwaka 684, wakati Wu Zetian, anayetajwa kuwa mama yake, alipokuwa akijikusanyia madaraka. Mwaka 706 alizikwa upya kwa heshima kwenye makaburi ya kifalme ya Qianling, mkoani Shaanxi, na kuta za kaburi lake zikachorwa maisha ya jumba la kifalme: wapanda farasi wakicheza polo, wajumbe wa nchi za mbali, watumishi. Mmoja wa watumishi hao amebeba sinia lenye mawe madogo na mimea midogo. Mchoraji hakuona ajabu yoyote. Ni mtumishi na sinia lake, kama ambavyo mchoraji wa pwani yetu angemchora muuza kahawa na birika lake. Jambo linalochorwa kwa uzembe namna hiyo ni jambo lililokwisha kuzoeleka.

Wachina waliiita sanaa hiyo penjing, mandhari ndani ya sinia, na "pen" yenyewe ni chombo kipana kisicho na kina. Hawakutosheka na mti mmoja. Walitaka jabali, genge, pengine na maji, ili mtu aliyefungwa na kazi za mjini aweze kutazama mlima bila kuupanda. Vyombo vyao vya kauri vilisafiri kuliko miti yao. Bakuli za China zilifika pwani ya Afrika Mashariki karne nyingi zilizopita. Zilipachikwa kwenye nguzo za makaburi ya Kunduchi, na vigae vyake vimeokotwa Gedi na Kilwa. Sisi tulichukua bakuli tukapambia makaburi. Wajapani walichukua bakuli pamoja na mti wake.

Waliochukua walikuwa watawa na wajumbe waliokwenda China kusoma dini na kurudi na kila walichokipenda. Kufikia mwaka 1309, kwenye hati ndefu ya picha iitwayo Kasuga Gongen Genki, miti midogo kwenye masinia inaonekana kwenye nyumba ya mtu mwenye nafasi yake. Mtawa wa Zen, Kokan Shiren, aliyefariki mwaka 1346, aliandika insha nzima ya kusifia mandhari ya sinia. Hapo ndipo utakatifu ulipoingia, na haujatoka mpaka leo.

Mimi navutiwa zaidi na mchezo wa Noh uitwao Hachi no Ki, yaani miti ya vyunguni, kwa sababu humo miti inachomwa moto. Samurai Sano Genzaemon amenyang'anywa mali yake, anaishi kibandani na mkewe. Usiku wa theluji anabisha hodi mtawa msafiri. Hakuna kuni. Sano ana miti mitatu iliyobaki kutoka enzi zake za neema, mplamu, mcheri na msonobari, na anaikata mmoja baada ya mwingine ili mgeni aote moto. Mtawa kumbe ni Hōjō Tokiyori, aliyekuwa mtawala wa nchi, anazunguka kwa kujificha, na baadaye anamlipa Sano mashamba matatu ambayo majina yake yana plamu, cheri na msonobari ndani yake. Wengi huusoma kama mchezo wa uaminifu. Mtunza bonsai akiusoma huona jambo jingine: kwamba watazamaji wa Japani wa zama hizo walielewa, bila kufafanuliwa, ni maumivu gani kukata mti uliolelewa chunguni.

Enzi za ukoo wa Tokugawa mapenzi hayo yalipanda mpaka juu na kushuka mpaka chini. Juu alikuwapo shoguni wa tatu, Iemitsu, aliyefariki mwaka 1651; msonobari unaohusishwa naye bado unatunzwa kwenye mkusanyo wa jumba la mfalme Tokyo. Chini walikuwapo wachuuzi wa mitaani wa Edo, yaani Tokyo ya zamani, waliotembeza mimea ya vyunguni kwa watu wa kawaida. Ukoo wa mama wa kitalu wangu unaanzia hapo, na sioni kwa nini vitabu humsahau. Kuita miti hiyo "bonsai" kulikuja kuenea katika enzi ya Meiji, mwishoni mwa karne ya 19. Na herufi zenyewe ni zilezile za Kichina zinazosomeka penzai, kilichopandwa kwenye sinia.

Wazungu waliiona mapema, wakaielewa nusu. Msafara wa Uingereza ulioongozwa na Macartney ulipofika visiwa vya Zhoushan mwaka 1793, mwandishi wake George Staunton alishangaa kukuta misonobari, mialoni na michungwa yenye matunda, yote mifupi ya kuwekwa mezani. Alieleza vizuri namna walivyoipata: hawakuotesha mbegu, bali waliufunga udongo mbichi kuzunguka tawi la mti mkubwa, wakaulinda usikauke mpaka tawi likatoa mizizi papo hapo juu, kisha wakalikata na kulipanda. Tawi la mti mzee huja na sura ya uzee wake. Alitaja pia kwamba walipaka molasi kwenye shina ili sisimizi waje kulitoboa na kulizeesha. Sijathubutu kuwaita sisimizi nyumbani kwangu. Lakini ile mbinu ya udongo kwenye tawi nimeijaribu kwenye fikasi, kwa udongo uliolowekwa na karatasi ya nailoni, na mizizi ilitokea ndani ya wiki chache.

Kabla sebule za Ulaya hazijajaa mimea ya kitropiki ilibidi kwanza litatuliwe tatizo la meli. Chumvi, upepo na uchache wa maji vilikuwa vikiua sehemu kubwa ya mimea iliyosafirishwa. Mwaka 1829 daktari wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, aliweka buu la nondo ndani ya chupa yenye udongo na kuifunika. Akasubiri nondo. Ukaota mkangaga na nyasi, bila mtu kumwagilia, kwa sababu unyevu ulipanda, ukagandamana kwenye kioo na kurudi chini. Mwaka 1833 masanduku ya kioo ya mtindo huo yalipelekwa Sydney yakiwa na mikangaga, na mimea ikafika hai. Kuanzia hapo msitu wa kitropiki ukawa bidhaa inayoweza kusafirishwa.

Nasi tulichangia. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, aliliona ua dogo la zambarau kwenye milima ya Usambara, akapeleka Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia, na leo linakaa kwenye madirisha ya mabibi duniani kote. Baadaye sana, mwishoni mwa karne ya 20, wakulima wa Uholanzi waliuchukua mmea mwingine wa pwani yetu, Zamioculcas, ule wenye majani kama yaliyopakwa mafuta, wakausambaza kwenye maofisi ya dunia nzima. Leo muuza maua wa Dar anamuuzia mteja wake kama kitu kutoka ng'ambo. Lakini hakuna hata mmoja kati ya hiyo miwili unaofaa kuwa bonsai. Haina mti ndani yake. Ukikwaruza shina kwa ukucha hukuti ganda wala ubao, unakuta maji. Ua la ndani na mti wa ndani ni ndugu kwa biashara tu, si kwa damu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza kwenye kitalu ni kupuuza majani na kuchutama. Futua udongo wa juu kwa kidole utazame shina linapoingia ardhini. Je, linapanuka? Kuna mizizi iliyosambaa kama vidole, au kuna mzizi mmoja umejizungusha kama kitanzi? Majani utayabadilisha mara kumi. Sehemu hiyo ya chini, ambayo Wajapani huiita nebari, ndiyo utakayoishi nayo. Muuzaji atakuonyesha mti mrefu wenye majani mengi kwa sababu ndio anaouuza ghali. Wewe uliza ule uliosahauliwa pembeni, uliovunjika kileleni msimu uliopita, wenye shina nene na aibu yake. Mara nyingi watakupunguzia na bei.

Bonsai zenyewe zilipofika Ulaya kwa wingi, kwenye maonyesho makubwa kama ya Paris ya mwaka 1878, wengi walidhani kuna siri au mateso: kwamba mti umedumazwa kwa njaa. Dhana hiyo ipo mpaka leo, na inaua miti. Bonsai si kibeti kwa asili wala haishindi njaa. Panda mbegu yake shambani, utapata mti mzima. Udogo unatokana na mkasi na nafasi ndogo ya mizizi. Chakula na jua inavihitaji kama wenzake, pengine kuliko wenzake, kwa kuwa haina pa kujitafutia.

Kilichofuata kilikuwa biashara safi. Kampuni ya Yokohama Nursery ilichapisha katalogi za Kiingereza na kupakia miti melini. Mwaka 1913 Larz Anderson, aliyekuwa mwakilishi wa Marekani mjini Tokyo, alirudi nyumbani karibu na Boston na miti ipatayo 40 aliyoinunua kwao; mwaka 1937, baada ya kifo chake, mkewe Isabel alikabidhi sehemu kubwa ya miti hiyo kwa bustani ya miti ya Arnold Arboretum, na baadhi yake ingalipo. Lakini mwaka 1919 sheria ya karantini namba 37 ilikuwa imekwisha kuzuia mimea kuingia Marekani na udongo wake, kwa kuogopa wadudu na magonjwa. Watu wa bonsai waliiona balaa. Mimi naiona kama moja ya neema kubwa zilizowahi kuupata ufundi huu, maana mtu aliyekosa msonobari wa Yokohama alilazimika kutazama uani kwake ana nini.

Japani kwenyewe ardhi ilitikisika. Tetemeko la tarehe 1 Septemba 1923 liliharibu Tokyo, na wakuzaji wa bonsai waliokuwa wakibanana mtaa wa Dangozaka waliamua kutafuta hewa, maji na nafasi. Mwaka 1925 walianzisha kijiji chao Ōmiya, kaskazini mwa jiji, kwa masharti ambayo ningependa mtaa wangu uyaige: kila mkazi awe na bonsai zisizopungua kumi, lango liwe wazi kwa watu, uzio uwe wa mimea, na nyumba isiwe ya ghorofa, isije ikaiba jua la jirani. Mwaka 1934 maonyesho ya kitaifa ya Kokufu yalianza Ueno, ndani ya jumba la sanaa, na mti wa chunguni ukapanda daraja rasmi kuwa sanaa.

Kisha vita. Asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945, huko Hiroshima, umbali wa kilomita kama tatu hivi kutoka bomu la atomiki lilipolipukia, ulikuwapo msonobari mweupe wa familia ya Yamaki, uliolelewa chunguni tangu mwaka 1625. Ukuta wa ua uliukinga. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa uwe miongoni mwa miti 53, zawadi ya Wajapani kwa Marekani iliyokuwa ikitimiza miaka 200. Hakutangaza ulikotoka. Watunzaji wa Washington waliumwagilia kwa robo karne wakijua tu kwamba ni mzee, mpaka mwaka 2001 wajukuu wa Yamaki walipokuja kuuona mti wa babu yao na kusimulia. Nimejaribu mara kadhaa kuandika jambo la busara kuhusu ukimya ule wa miaka 25 na nimeshindwa.

Wanajeshi wa Marekani waliokaa Japani baada ya vita walirudi makwao na hamu. Yuji Yoshimura alianza kuwafundisha wageni mwaka 1952, jambo ambalo wenzake wengi hawakulipenda, na kitabu chake cha Kiingereza cha mwaka 1957, alichoandika na Giovanna Halford, kilitoa nje yale yaliyokuwa yakifundishwa kwa miaka ya uanagenzi: wakati wa kukata, kina cha chungu, namna ya kuzungusha waya. California alikuwapo John Naka, mzaliwa wa Colorado aliyekulia Japani, mkulima wa bustani za watu. Msitu wake wa mireteni uitwao Goshin una miti 11, mmoja kwa kila mjukuu wake, nao ni miongoni mwa bonsai zinazojulikana zaidi duniani. Haukutoka mlimani. Ulitokana na mireteni ya kawaida ya kitaluni, aliyoanza kuilea mwaka 1948.

Mpaka hapo bonsai ilikuwa mti wa nje. Huko Japani huingizwa ndani siku chache tu, kwa ajili ya mgeni au sherehe, kisha hurudi uani kwenye mvua na baridi, kwa kuwa msonobari na mreteni wa nchi zile vinahitaji usingizi wa majira ya baridi. Bonsai ya sebuleni ni uvumbuzi wa Wazungu wenye vyumba vinavyopashwa joto, na mhubiri wake mkubwa alikuwa Paul Lesniewicz wa Heidelberg, Ujerumani, aliyeeneza miaka ya 1970 na 1980 hoja rahisi: ikiwa nyumba ina joto mwaka mzima, weka mti wa nchi yenye joto mwaka mzima. Wenye msimamo mkali walimcheka. Fikasi zake hazikujali.

Mwaka 1984 ikaja filamu ya The Karate Kid, na mzee Miyagi akikata kimti chake kwa utulivu alifanya kazi ambayo maonyesho mia moja yasingeweza. Kila mtoto akataka kimoja. Maduka ya Marekani yakajaa vireteni vilivyogundishwa kokoto juu ya udongo kwa gundi ili zisimwagike njiani, na kibao kinachosema "bonsai" bila kusema kwamba mti huu ukikaa ndani utakufa. Mreteni hufa kimyakimya; hubaki wa kijani wiki kadhaa baada ya kufa, kwa hiyo mwenyewe huendelea kumwagilia maiti. Makosa hayo ya maelfu ya watu yalifungua soko la mti usiokufa, na kusini mwa China walikuwa nao tayari. Mkoani Fujian, Ficus microcarpa huoteshwa kwa mbegu mashambani mpaka mizizi inanenepa kama mihogo. Huinuliwa juu ya udongo ionekane kama miguu, hukatwa kichwa, na kubandikiwa vikonyo vya aina yenye majani madogo. Ndiyo hiyo inayouzwa kwa jina la "ginseng", kutoka Rotterdam mpaka kwenye maduka makubwa ya Nairobi. Naiona mbaya wa sura, nakiri. Inanikumbusha mtu mnene aliyevaa kofia ya mtoto. Lakini kwa mtu anayeanza hakuna mwalimu mvumilivu kuliko huyo.

Kwa nini fikasi? Hapa jibu la "kwenu wapi" linalipa. Nyingi za jamii hii huanza maisha bila ardhi: ndege anakula tunda, anaangusha mbegu kwenye panda ya mti mwingine, na mche unaishi huko juu kwa vumbi na umande, ukishusha mizizi taratibu mpaka chini, na wakati mwingine kumnyonga mwenyeji wake. Waliokulia karibu na mgumo wameyaona haya. Mti uliozoea kuanza maisha kwenye konzi ya uchafu juu ya tawi hauoni bakuli kuwa adhabu. Ukikatwa mizizi hutoa mingine. Ukikatwa shina hutoa utomvu mweupe unaoziba jeraha (ufute kwa kitambaa kibichi, na usiuache uguse macho), halafu huchipua hata kwenye ubao mkavu.

Lakini benjamina, ile niliyoiua, ni mtoto wa jua, kutoka India kushuka mpaka kaskazini mwa Australia. Majani yaliyokua kwenye jua kali la kando ya barabara yalijengwa kwa jua hilo. Kivulini yanakula kuliko yanavyoleta. Mti huyamwaga ili uote mengine ya kivuli. Kupukutika kule hakukuwa ugonjwa. Kulikuwa kuhama. Ningeuacha na kiu kidogo, sehemu moja, ungerudi. Na ina tabia ambayo microcarpa haina kwa kiasi hicho: tawi lake ukilikata ukaliacha bila jani hata moja, mara nyingi hukauka lote mpaka kwenye shina. Acha jani moja au mawili mbele ya unapotaka lichipue.

Nilipoanza mara ya pili nilijipa sheria ya msimu mmoja, kazi moja. Miezi ya kwanza haikuguswa. Ilikaa kibarazani panapopata jua la asubuhi, kwenye kiroba chake, ikazoea. Kisha mkasi. Mizizi ilisubiri mwaka uliofuata, majira ya joto, mti ukiwa unachipua kwa nguvu. Udongo mweusi wa kitalu, unaoshika maji kama sponji, nilibadilisha kwa changarawe ya volkano iliyochekechwa vumbi lote, na mboji kidogo. Maji yaingie na kutoka. Mwanagenzi huua kwa maji mara kumi kabla hajaua kwa kiu, na unene wa shina haupatikani ndani ya bakuli: atakaye shina nene auache mti kwenye ndoo au ardhini miaka kadhaa, ndipo auhamishe. Wapo wanaopenda zaidi spekboom ya Afrika Kusini, Portulacaria afra, na wana sababu. Hiyo vikonyo vyake huachwa vikauke kidonda siku kadhaa kabla ya kupandwa, na mwenye kusahau kumwagilia ndiye mtunzaji wake bora. Waridi la jangwa nalo, Adenium, lililopewa jina la bandari ya Aden na linaloota kwenye nchi kavu za Afrika Mashariki, lina shina la kitambi tangu utotoni. Ila hulipendi kwa matawi yake.

Halafu waya. Kabla ya waya wa shaba kuenea Japani, kuelekea karne ya 20, matawi yalivutwa kwa kamba; Yangzhou walisokota nyuzi za mti wa jamii ya mnazi, binamu wa kamba zetu za makumbi. Waya ulifanya tawi likubali umbo lolote, na picha zote za vitabuni zina waya nyuma yake. Kwenye joto letu, hata hivyo, fikasi hunenepa upesi, na waya uliousahau wiki chache unazama kwenye ganda na kuacha kovu lililojizungusha lisilofutika vizuri. Ninalo moja. Ndipo nilipokutana na mafundi wa Lingnan, huko Guangzhou, ambao tangu mwanzoni mwa karne ya 20 walijulikana kwa kuuacha waya pembeni na kushika mkasi tu: liache tawi likimbie mpaka linenepe unavyotaka, likate fupi juu ya jicho linaloelekea unakotaka, liache jipya likimbie, likate tena. Tawi linapinda kwa makato, lenye pembe kama mwandiko. Kwenye nchi ya baridi njia hiyo ingechukua umri wa mtu. Guangzhou ipo pembezoni mwa tropiki, mti unachipua karibu mwaka mzima, na Dar, Mombasa na Bujumbura ziko ndani kabisa. Nimekuja kuamini kwamba anayeanza kwetu amekuwa akitazama upande usio wake. Vitabu vinamwelekeza Kyoto, kwenye misonobari na theluji. Hali ya hewa yake na fikasi yake vinamwelekeza Guangzhou.

Fikasi yangu ya pili ina miaka sita sasa. Imekatwa kilele mara tatu, imerefuka kwa viganja viwili tu, na shina lake limefikia unene wa chupa ya soda. Vikonyo vilivyokatwa vimejaa makopo ya siagi kwenye ngazi za nyuma, na mtoto wa jirani amechukua viwili bila kuniomba.

Mwezi uliopita nilipita kwenye kitalu kile. Nilimwamkia mama, nikamwonyesha picha kwenye simu. Aliishika kwa mbali, kisha karibu, akaikuza kwa vidole viwili, akatazama mizizi, hakutazama majani.

"Hilo bakuli," akasema, "umelitoboa?"

"Matundu matatu, mama."

Akanirudishia simu.